Sauti ya Mama Kijivu

Katesh nzima ilimchukia Mama Kijivu, na mume wangu Mudathir alijisifia chuki ile kama mtu aliyejenga ghorofa.

Mama Kijivu alikuwa adui katika katuni moja ya Kijapani, sizoni ndefu ya mambo ya anga za juu. Jina lake la Kijapani lilimshinda Mudathir, akampa la rangi ya joho lake. Steringi, yaani shujaa wake, kijana rubani mwenye nywele zilizosimama, akamwita Bura, na sizoni yenyewe akaiita Kuba la Mwisho. Hapo hapo watu wakaona ni yao. Vijana wa minadani wakawa wanamzungumzia Bura kama wanamjua baba yake.

Kazi yetu ndiyo hiyo. Tuna duka dogo karibu na stendi, tunatafsiri muvi kwa Kiswahili na kuziweka kwenye flashi na memori kadi. Mudathir ni sauti ya wanaume wote: steringi, polisi, mzee, roboti. Mimi nakaa kwenye kompyuta, nakata sauti, naunganisha, nasafisha. Mudathir ana kanuni zake mbili na hazivunjwi. Ya kwanza, haangalii mbele. Episodi ikifika anaitafsiri hiyo hiyo, kwa sababu anasema akijua mwisho atachoka kabla ya wateja. Ya pili, hakuna kimya. Mteja akisikia kimya anadhani flashi imeharibika, anairudisha. Kwa hiyo mtu kwenye muvi akinyamaza, Mudathir anamtafutia la kusema. Kijapani hajui hata salamu, na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini anayadaka machache, mengine yanampita. Panapobaki wazi anajaza mwenyewe.

Sasa huyo Mama Kijivu alikuwa mtu wa kimya. Kulikuwa na mji chini ya kuba la kioo kwenye sayari ya baridi, na juu ya kuba taa kubwa zinazomulika nje muda wote. Yeye alikuwa na meli yake moja chakavu, anauzunguka mji peke yake. Kila baada ya muda anakuja karibu, anarusha kitu kama wavu, taa hizo zote zinazimika na mitambo ya joto inazimika nazo. Wazee mjini wanakufa kwa baridi. Ungetegemea basi ashuke aibe, au adai kitu, au apige bomu. Hafanyi lolote. Anakaa pale juu gizani anaangalia, taa zikirudi anaondoka. Hashuki kamwe, hagusi mtu, na chakula anakula peke yake kwenye kibakuli kimoja. Kwenye katuni yenyewe hakusema maneno ya kujaza kiganja. Kwetu alipiga kelele kama mpiga debe: "Nitawazimia taa mpaka mniabudu, kunguni ninyi!" Watu walipenda sana.

Aliyeyasema maneno hayo ni Konsolata.

Konsolata ni Mwiraqw wa Nangwa, ameolewa Gitting, mlimani kwenye baridi. Mudathir alimsikia mnadani akinadi vitunguu swaumu na akaacha alichokuwa ananunua. Ana sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ukiisikia mara moja hutaichanganya na ya mtu mwingine. Alikuwa akija dukani na binti yake Restituta, tunamwita Resti, na mtoto mchanga, Alfredi, mgongoni. Resti alikaa juu ya kreti la soda akiangalia mama yake anavyotukana mbele ya maiki, anacheka mpaka anashikwa na kwikwi, inabidi turudie. Nilimpenda yule mtoto. Nilimpenda na mama yake pia, na sisemi hivyo kwa watu wengi.

Kisha Alfredi akafariki. Kifua kilimbana, walipofika hospitali walikuwa wameshachelewa. Tulipanda Gitting kuzika. Baada ya hapo Konsolata hakurudi dukani. Akanitumia ujumbe kwamba kazi anaitaka, ila atarekodi kwa simu huko huko kwake. Tukasema sawa, mtu amefiwa, aachwe apumue. Tukawa tunamtumia picha na maneno kwa simu, naye anaturudishia sauti.

Miezi ikapita hivyo, na Mudathir akaanza kulalamika. "Safina, sikiliza hii. Upepo. Ng'ombe. Sasa kwenye anga za juu ng'ombe ametoka wapi?" Kweli, kila sauti ilikuja na upepo. Nikamwambia nitapanda mwenyewe nimpelekee maiki nzuri na nimwonyeshe namna ya kujifunika na blanketi anaporekodi. Ukweli nilitaka kumwona.

Bodaboda ilinishusha kwenye boma la mama mkwe wake, nyumba nzuri ya bati jekundu, na sola juu. Mtu mmoja barabarani akanionyesha kwa kidole kwamba Konsolata hakai pale, anakaa kule chini, ng'ambo ya mfereji, kwenye kijumba cha udongo penye mikaratusi. Nikashuka. Alikuwa nje anapepeta maharage. Aliponiona alisimama kwa furaha, nami nikanyoosha mikono nimkumbatie, na yeye akarudi nyuma.

"Kaa hapo hapo, dada Safina. Hapo kwenye jiwe panatosha."

"Nina ugonjwa gani mimi?"

"Sio wewe. Ni mimi."

Nilikaa kwenye jiwe, yeye akakaa mlangoni kwake, na tukaongea kwa kupaza sauti kidogo. Alikuwa amekonda. Akaniambia yuko kwenye metimani. Neno nilikuwa nimelisikia. Nimezaliwa Katesh, ingawa babu yangu alikuja kutoka Kondoa na mzigo wa chumvi, na Kiiraqw cha sokoni kinanitosha. Ila nilidhani ni la zamani, la wakati wa bibi zao, na kweli wengi wameshaliacha. Mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya anakaa pembeni mwaka mzima. Ana chungu chake, kikombe chake, njia yake ya maji. Haingii nyumba ya mtu, hali na mtu, habebi mtoto wa mtu, asije akawapelekea kile kilichoingia kwake.

"Na Akonaay?" nikauliza. Akonaay ni mume wake, dereva wa lori.

"Yuko safarini. Huko mjini hakuna anayemuuliza kama amefiwa."

"Na Resti?"

Hapo akatazama chini kwenye ungo wake. Siku Alfredi alipofariki, Resti alikuwa kwa bibi yake, hakuingia nyumba yenye msiba. Kwa hiyo yeye ni salama, na bibi hataki avuke mfereji mpaka mwaka uishe. Anamwona kila siku kwa mbali, anacheza, anakimbiza kuku.

"Muda utaisha tu," nikamwambia. "Atarudi kwako."

"Hatarudi. Ngoja uone."

Resti alikuwa amekuja ukingoni mwa mfereji, ng'ambo ya pili, ameshika kijiti. Amekua. Alisimama akimwangalia mama yake, na mama yake akamwangalia, wote wametulia, na sura ya mtoto ilikuwa na hamu ambayo mtu yeyote angeiona. Kisha Konsolata akafungua mdomo, akasema kwa upole kabisa, "Resti, umekula?"

Mtoto alitupa kijiti akakimbia. Alikimbia akiziba masikio, hakugeuka hata mara moja.

"Umeona," Konsolata akasema. "Nikinyamaza anakaa. Nikisema anakimbia. Kule juu bibi yake ana televisheni, flashi zenu zote anazo. Kila jioni mtoto ananisikia natukana watu, nazima taa, naua wazee. Sauti yangu nyingine haisikii, ni hiyo tu. Nimekuwa Mama Kijivu, dada Safina. Mwanangu ananiogopa."

Nikamwambia aache kazi hii leo leo, nitamwambia Mudathir atafute mtu mwingine.

"Nikiacha, atanisikia wapi?" Akapepeta kidogo, akaacha. "Na pia huyo mama mnamkosea. Anayetaka kutawala mji hauangalii vile. Mwangalieni macho taa zikizimika. Anapita dirisha kwa dirisha. Kuna mtu wake mle ndani. Mimi nataka nifike mwisho wake. Nataka siku moja aseme kitu cha maana, Resti akiwa anasikiliza."

Nilimwachia maiki kwenye jiwe. Nikapanda kwa mama mkwe wake nimejaa hasira mpaka shingoni.

Watu wanamwita Mama Akonaay. Mrefu, mweusi, amejifunga shuka jeusi, rozari shingoni. Nikasema shikamoo kwa sababu nimelelewa, akaitikia marahaba, akaniingiza ndani, akanipa chai ya maziwa kabla hata ya kuuliza nimefuata nini. Resti alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Nilikunywa chai yote ndipo nikaanza.

"Bibi, samahani. Si unasali wewe? Padri si alishakataza mambo haya?"

"Alikataza."

"Sasa?"

"Padri hana mjukuu."

Akamtuma Resti akaangalie mayai. Alipotoka, mama yule akaniambia polepole, hakuwa na ukali hata kidogo, na hiyo iliniudhi zaidi kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kike, alifariki ananyonya. Mama mkwe wake akamwambia akae pembeni, akakataa. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akajiona anajua. Akashuka kwa dada yake, kule Nangwa, kupumzisha moyo, akambeba mtoto wa dada yake, akala naye sahani moja. Yule mtoto hakumaliza masika.

"Alikufa na nini?"

"Hospitali walisema malaria. Inawezekana malaria. Dada yangu hakunisalimia tena mpaka siku tuliyomzika yeye mwenyewe." Akachukua kikombe changu akaniongezea chai. "Sasa wewe, mjukuu wangu, unaniambia nijaribu tena. Nijaribu na huyu mmoja aliyebaki."

Akaendelea. "Konsolata sina ubaya naye. Kuni anazowasha nakata mimi. Unga anaokula nasagisha mimi, namwekea pale kwenye jiwe asubuhi. Nikisikia analia huko chini, silali. Lakini nitamlinda mtoto. Akinichukia, anichukie."

Nilimwomba basi angalau amzimie Resti televisheni. Akatikisa kichwa. "Nimejaribu. Analia mpaka anatapika. Anaogopa, anajificha kwenye shuka langu, lakini lazima aangalie. Kila jioni swali ni hilo hilo: 'Bibi, leo atakufa?'"

Niliporudi Katesh nilimweleza Mudathir yote. Mume wangu si mtu mbaya, ana mdomo tu. Akasema tumalize haraka, episodi zilizobaki ni chache. Alipojaribu kupunguza matusi, wateja wakauliza kwa nini Mama Kijivu amelegea siku hizi. Akayarudisha.

Episodi ya mwisho ikafika. Safari hii nilimlazimisha tuiangalie yote kwanza, kabla ya kutafsiri. Alinung'unika, lakini akakaa.

Bura anaifuata meli ya Mama Kijivu, anaitoboa, moto unaingia. Na kwa mara ya kwanza tunaonyeshwa yeye anaona nini kutoka kule juu. Taa kubwa za kuba zikiwaka anaona mwanga mtupu, unampofusha, hakuna mji wala watu. Zikizimika, ndani ya mji kila nyumba inawasha taa yake ndogo, na madirisha yanaonekana. Dirisha moja lina mtoto wa kiume anasoma. Picha zinapita: mtoto huyo huyo mdogo zaidi, mdogo zaidi, mpaka mchanga mikononi mwa mwanamke mwenye joho la kijivu. Watu wa mji wanamtuma safari ya kuchimba mawe fulani ya mbali. Wenzake wote wanakufa na kitu walichokikuta huko. Yeye anarudi anacho mwilini, na mji unamfungia mlango. Miaka yote ile alizima taa ili amwone mtoto wake. Wazee wakafa kwa baridi kwa ajili hiyo, na alijua wanakufa, ilionekana usoni kwamba anajua.

Meli inaanguka. Mtoto yuko dirishani anaangalia moto angani, hajui ni nani. Mama Kijivu midomo inatikisika, sauti haitoki. Kimya, kirefu, mpaka mwisho.

Mudathir alishika kichwa. "Ala! Tumemfanya nini huyu mama?"

"Wewe ndiye umemfanya," nikamwambia. Nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Akaanza kutembea dukani. Tufanye nini sasa? Sizoni nzima amesema anataka kuabudiwa. Mkatesh amekaa pale tangu mwanzo akisubiri afe anatukana. Akisema eti alikuwa anamwangalia mtoto, watu watasema tumechanganya flashi. Mudathir akaamua: amlaani Bura mara ya mwisho, alipuke, basi. Tuligombana vibaya, majirani wakachungulia. Nikamwambia kama ni hivyo atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye kompyuta, na atafute na wa kumpikia. Mwishowe akakaa chini.

"Konsolata alijua," akasema. "Alijuaje?"

Nikairudisha picha mpaka pale midomo inapotikisika.

"Basi mwachie yeye mwisho," akasema. "Pale kwenye kimya. Aseme anachotaka. Sitaandika neno."

Konsolata alirekodi, akanitumia. Upepo haukuwepo, blanketi lilikuwa limefanya kazi. Nilisikiliza mara moja tu nikaweka mahali pake. Sikukata kitu.

Jumapili nilipanda Gitting na flashi mfukoni. Nilitaka niwepo. Sijui nilitegemea nini hasa. Nadhani nilitegemea kwamba mtoto atasikia sauti ya mama yake ikisema kitu cha upendo, aikumbuke, na siku bibi akisema mwaka umeisha, atavuka mfereji bila woga. Niliitaka hiyo kuliko kitu chochote. Kwa Konsolata nilipita kwanza, nikasimama kwenye jiwe, nikamwambia kwamba ndiyo leo. Akaniambia atakaa nje, penye upepo unaotoka kwa bibi, labda atasikia.

Mama Akonaay alikuwa ametoka kanisani, bado na kitambaa cha kwaya. Akawasha televisheni. Resti akajichimbia kwenye shuka lake, macho tu yakibaki nje. "Bibi, leo atakufa?"

"Tuangalie," bibi akasema.

Tuliangalia. Bura alimfuata, moto ukaingia. Yalipoanza madirisha, bibi aliacha kumpapasa Resti. Mtoto mchanga alipotokea mikononi mwa mwenye joho, akavuta rozari yake mbele, akaishika kwa ngumi. Mji ulipofunga mlango akasema neno kwa Kiiraqw ambalo sikulijua, kwa sauti ndogo sana.

Kisha kile kimya, na ndani yake Konsolata. Hakuigiza. Alisema kama anavyosema mama aliyesimama mlangoni mwa chumba.

"Zima hiyo taa ulale, mwanangu. Nimeshakuona. Umekua. Mimi sikuja kuchukua kitu, nilikuja kukuangalia tu. Lala sasa."

Meli ikalipuka. Mama Akonaay alijifunika uso kwa ncha ya shuka na mabega yake yakawa yanatikisika. Mimi nilishindwa kabisa, nikalia waziwazi, na sikujali.

Resti alitoka ndani ya shuka. Alisogea mpaka karibu na kioo, akakigusa pale moto ulipokuwa, akaangalia mpaka majina ya Kijapani yakaanza kupita.

"Amekufa?" akauliza.

"Amekufa," nikamwambia.

"Kabisa? Harudi?"

"Harudi."

Uso wake wote ulifunguka. Sijawahi kuona furaha vile. "Basi ameiachia!" akapiga makofi. "Ameiachia sauti ya mama! Alimwibia mama sauti, akaimeza. Sasa imetoka!"

Alikuwa ameshafika mlangoni kabla hatujaelewa. Mama Akonaay akaruka, akaita jina lake, akamkimbilia, na mimi nyuma yao. Miezi yote ile tulidhani anamwogopa mama yake. Alikuwa anamsubiria mwizi wake afe.

Alishuka mteremko wa majani mbio, nguo ya kanisani ikipepea, akafika ukingoni mwa mfereji na akasimama pale pale alipofundishwa kusimama. Konsolata alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alimwona mtoto anakuja mbio kuelekea kwake, anacheka, na mkono wake ukapanda kifuani.

"Mama!" Resti akapaza sauti. "Amekufa! Sema! Sema kitu, mama!"

Konsolata akaniangalia mimi. Hakuwa amesikia maneno ya Resti kule ndani. Aliona tu mwanawe anamwomba aseme, jambo ambalo hakuliota. Nilitaka kumwashiria asubiri, lakini sijui angesubiri nini.

"Resti," akasema. "Resti wangu. Mama yuko hapa."

Mtoto aliinamisha kichwa upande, akasikiliza. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kicheko kikabaki usoni kidogo, kisha kikaondoka. Akarudi hatua moja, akajigonga kwenye miguu ya bibi yake, akalishika shuka jeusi kwa mikono yote miwili.

"Bibi," akasema kwa kunong'ona, lakini maji ya mfereji yalikuwa machache na wote tulimsikia. "Bado yumo ndani ya mama."

Mama Akonaay alimwinua. Alisimama naye pale ukingoni, akimwangalia mkwe wake ng'ambo, machozi yakimtiririka, na nikadhani atavuka. Aliweka mguu mmoja kwenye jiwe la kuvukia. Mtoto akaanza kupiga kelele, akajikaza shingoni kwake, na bibi akaurudisha mguu. Akageuka, akapanda naye polepole kuelekea nyumbani.

Konsolata aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, na hakutoa sauti yoyote mpaka mlango wa kule juu ulipofungwa.